Kupima msuguano na ulikaji wa chuma chenye mafuta au mpako: mwongozo wa gololi juu ya diski

Maswali ni yaleyale kila mwezi. "Nimesugua saa tatu, mizani haioni tofauti yoyote, ina maana chuma changu hakiliki?" "Jana nimepata msuguano wa 0.11, leo 0.16, na mafuta ni ya chupa ileile, nini kimetokea?" "Mpako ulianza vizuri, mara grafu ikaruka juu, je, mashine imeharibika?" Nimeyajibu moja moja mpaka nimechoka, kwa hiyo leo nayaweka yote mahali pamoja kwa mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia kuosha hadi kuandika matokeo.

Nitatumia jaribio la gololi juu ya diski, maana ndilo rahisi kuliko yote na ndilo wanaoanza hukabidhiwa kwanza. Diski inazunguka, gololi imefungwa isizunguke, mzigo unaikandamiza, na sensa inapima nguvu inayoivuta gololi pembeni. Nguvu hiyo ukiigawa kwa mzigo unapata namba ya msuguano; ulikaji ni kiasi cha uso kinacholika kwa kusuguliwa, si kutu. Kiwango kinachofuatwa ni ASTM G99. Kama mashine yako ni ya kwenda na kurudi, kiwango chake ni ASTM G133, lakini karibu kila hatua hapa chini itakufaa.

Nadharia nitakupa moja tu. Chuma hakina namba yake ya msuguano. Ukisoma mahali kwamba "msuguano wa chuma ni 0.6", aliyeandika amekuficha nusu ya habari. Kuna msuguano wa gololi hii, juu ya diski hii, ndani ya mafuta haya, kwa mzigo, kasi, joto na unyevu huu. Gusa kimoja kati ya hivyo na namba inahama. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kabla injini haijawashwa.

Uwe na nini mkononi

- Diski zisizopungua nne za aina moja: tatu za kupima na moja ya kujifunzia, ambayo utaiharibu. Ukwaru wa uso (Ra) usizidi mikromita 0.8. Kama zina mpako wa mikromita mbili tatu, ng'arisha diski kabla ya kupakwa mpaka ujione usoni mwake kama kwenye kioo.
- Gololi za beringi za kipenyo cha milimita 6, chuma cha 100Cr6 (Marekani hukiita 52100). Kila jaribio lina gololi yake mpya. Kwa mipako migumu sana tafuta pia gololi za kauri, yaani za alumina au za silikoni naitraidi, ili gololi isiishe kabla ya mpako.
- Mafuta ya kupima, kwenye chupa safi yenye lebo na tarehe.
- Heptani, asetoni na isopropanoli. Usitumie viyeyusho vyenye klorini; huacha masalia usoni ambayo nayo hulainisha.
- Mashine ya kuoshea kwa mawimbi ya sauti, bika za kioo, vibanio, glavu za nitraili.
- Hadubini yenye skeli ya kupimia, na profilomita (kifaa kinachochora mabonde na vilima vya uso) ya sindano au ya mwanga.
- Mawe ya mizani ya gramu 50, 100 na 200, uzi mwembamba na kapi dogo lisilokwama.
- Kipimajoto na kipima unyevu wa hewa.
- Daftari la karatasi. Kompyuta itahifadhi grafu, lakini haitakumbuka kwamba ulibadilisha kishikio cha gololi katikati ya wiki.

Mizani sikuisahau. Tutafika huko.

Tahadhari kabla ya yote: heptani na asetoni hushika moto haraka. Usizimimine moja kwa moja ndani ya mashine ya kuoshea. Weka maji kwenye mashine, weka kiyeyusho kwenye bika iliyofunikwa, kisha bika hiyo ikae ndani ya maji, mahali penye hewa na pasipo na cheche. Na glavu za nitraili asetoni huzipenya upesi, hivyo zikilowa zivue, usingoje kazi iishe.

Hatua kwa hatua

1. Chagua mzigo kwa kufikiria shinikizo. Gololi hugusa diski kwenye kiduara kidogo mno. Gololi ya chuma ya milimita 6 juu ya diski ya chuma, kwa mzigo wa nyutoni 10, hukaa kwenye kiduara chenye kipenyo cha takriban milimita 0.12, na shinikizo la katikati hufika karibu gigapaskali 1.4. Mzigo huohuo kwenye gololi ya milimita 10 unakupa gigapaskali 1.0 tu. Mtu akikuambia "nami nilipima kwa nyutoni 10", muulize gololi yake ilikuwa na ukubwa gani kabla hujalinganisha chochote.

Kumbuka pia kwamba shinikizo hupanda polepole kuliko mzigo. Ukitaka kulizidisha mara mbili kwa gololi ileile, mzigo lazima uongezwe mara nane. Kwa mwanzo nyutoni 5 hadi 10 zinatosha. Mpako mwembamba juu ya chuma laini ukiulemea sana utabonyea pamoja na kinachoubeba kisha upasuke kama ganda la yai lililokaa juu ya sifongo, na hapo hutakuwa umepima ulikaji.

2. Chagua kasi isiyoifanya gololi ielee juu ya mafuta. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi kwenye majaribio ya mafuta. Kasi ikiwa kubwa na mafuta yakiwa mazito, mafuta hujisukuma katikati na kuinua gololi, nyuso mbili zisigusane tena. Namba inatoka nzuri ajabu, hakuna kinacholika, na mtu anaandika kwamba mpako wake ni bora. Alichopima ni mnato wa mafuta.

Anza na mita 0.1 kwa sekunde. Kisha, kwenye ile diski ya kujifunzia, ongeza kasi mara mbili huku ukiangalia grafu. Msuguano ukibaki karibu palepale, nyuso zinagusana kweli na viongezo vya mafuta (kemikali zinazotiwa ndani yake kulinda nyuso) ndivyo vinavyofanya kazi. Ukishuka waziwazi, mafuta yameanza kubeba mzigo. Punguza kasi au pandisha joto. Chuma juu ya chuma katika mafuta ya kawaida, nyuso zikigusana, mara nyingi hukaa kati ya 0.08 na 0.15.

3. Piga hesabu ya mizunguko. Ukiweka gololi milimita 10 kutoka katikati ya diski, mzunguko mmoja ni milimita 62.8. Kwa mita 0.1 kwa sekunde unahitaji mizunguko 95.5 kwa dakika. Umbali wa mita 1,000 ni mizunguko takriban 15,900, yaani sekunde 10,000, saa mbili na dakika 47. Ukihamia njia nyingine kwenye diski ileile, nusu kipenyo kimebadilika, basi piga hesabu upya. Wengi huacha mizunguko ileile, kasi na umbali vikabadilika bila wao kujua.

4. Hakiki sensa kwenye kiwango utakachokitumia. Kwa mzigo wa nyutoni 10 na msuguano wa 0.1, sensa itasoma nyutoni 1. Kuihakiki kwa nyutoni 50 ni sawa na kupima sukari ya chai kwa mizani ya magunia. Funga uzi pale gololi inapokaa, upitishe juu ya kapi sambamba na mwelekeo wa msuguano, kisha tundika mawe: gramu 50 ni nyutoni 0.49, gramu 100 ni 0.98, gramu 200 ni 1.96. Panda, kisha shuka kwa kuyaondoa moja moja. Masomo ya kupanda na ya kushuka yasipolingana, kuna kitu kinakwama.

Halafu angalia mwinamo. Mkono wa mashine ukiinama nyuzi moja tu, sehemu ya mzigo huingia kwenye msuguano na kukupa kosa la karibu 0.017. Kwenye jaribio kavu hilo halikutishi. Kwenye mafuta, ambako unatafuta 0.08, ni moja ya tano ya jibu lako. Dawa yake ni rahisi: kama mashine inaruhusu, zungusha kulia upime, zungusha kushoto upime, toa moja kutoka kwa nyingine ukizingatia alama, gawa kwa mbili. Mwinamo unajifuta wenyewe.

5. Osha. Kisha osha tena. Gololi mpya huja zimepakwa mafuta ya kuzuia kutu. Diski zimetoka kwenye mikono ya watu. Alama moja ya kidole inatosha kulainisha jaribio kavu kwa mita kadhaa za mwanzo.

Utaratibu wangu: heptani dakika 10 kwenye mashine ya kuoshea, mwaga, heptani mpya dakika 10 nyingine, asetoni dakika 10, mwisho isopropanoli dakika 10. Kausha kwa hewa safi au naitrojeni. Hewa ya kompresa isiyo na chujio hurusha matone ya mafuta, nayo itakurudisha mwanzo. Tangu hapo shika kwa kibanio tu, pembeni.

Ukitaka kujua kama diski ya chuma imetakata, dondoshea tone la maji yaliyochujwa ukingoni, mbali na njia ya gololi. Likisambaa, vizuri. Likijikusanya kama umande juu ya jani la mgomba, bado ina mafuta. Jaribio hili usilifanye kwenye mpako wa DLC (kaboni inayofanana na almasi): huo kwa asili yake haupendi maji, utauosha mpaka kesho.

Na kishikio cha gololi je? Hapo ndipo mimi niliumbuka. Wakati fulani nilipima mafuta ya msingi yasiyo na kiongezo chochote, nikapata kovu (alama ya kulika kwenye gololi) dogo kuliko la mafuta kamili ya injini. Nikarudia, nikapata lilelile. Siku ya tatu nilifungua kiskrubu cha kishikio, na chini yake kulikuwa na ukingo mweusi wa mafuta ya jaribio la wiki iliyotangulia. Kila mafuta yalipopata moto, yale ya zamani yalikuwa yanachuruzika taratibu kwenye gololi. Siku tatu zilikwenda na maji. Kwa hiyo fungua kishikio, skrubu, kikombe cha mafuta, kila kilicholowa, na ukioshe pamoja na vielelezo.

6. Ondoa usumaku. Chuma chenye usumaku hushikilia unga wake chenyewe unaotokana na kulika na kuurudisha kwenye mguso. Ikaribie diski kwa sindano ya chuma nyepesi. Sindano ikivutwa, pitisha diski kwenye kifaa cha kuondoa usumaku.

7. Kagua mpako kabla haujaguswa. Piga picha kwa hadubini, pima ukwaru, na andika unene. Unene ni namba utakayoihitaji mwishoni kuliko zote: mipako mingi ya titani naitraidi, kromi naitraidi na DLC ina mikromita moja hadi tano tu. Kama hujui unene, chimba kishimo kwa gololi inayozunguka ikiwa na unga wa almasi, kwenye kipande cha kando, kisha usome pete zake kwa hadubini.

Kama una mashine ya ugumu ya Rockwell C, bonyeza koni ya almasi kwa kilo 150 kwenye kipande hicho cha kando na uangalie ukingo wa shimo. Nyufa nyembamba ni za kawaida. Vipande vikibanduka kuzunguka shimo, mpako haujashika, na hakuna haja ya kupoteza siku ukiusugua. Mrudishie aliyeupaka.

8. Funga diski na upime inavyoyumba. Weka geji ya mshale juu ya njia ya gololi, zungusha kwa mkono. Ikiyumba zaidi ya sehemu mbili za mia za milimita, fungua, futa chini ya diski, funga tena. Mara nyingi ni chembe moja ya uchafu chini yake.

9. Mimina mafuta, pasha, subiri. Mafuta mapya kwa kila jaribio, ya kutosha kuifunika sehemu ya mguso. Kama mafuta yana viongezo vya kuzuia ulikaji vya zinki na fosforasi, vile vilivyomo kwenye mafuta mengi ya injini, pima kwenye joto la nyuzi 80 hadi 100 za Selsiasi. Kwenye joto la chumba vinajenga utando wao polepole mno na utavihukumu bure. Joto likishafika, ngoja dakika 20 ili diski, kikombe na mkono vifanane.

Halafu, na hapa wengi hukosea mpangilio, weka sifuri ya sensa baada ya joto kutulia. Sensa iliyowekwa sifuri ikiwa baridi huhama ikipata moto, na uhamaji huo utausoma kama msuguano.

Neno kwa wenye mpako wa DLC: viongezo vyenye molibideni hushusha msuguano wa chuma juu ya chuma vizuri, lakini vimeonekana kuula mpako wa DLC unaposuguana na chuma. Ukiona msuguano mdogo usishangilie mpaka umeona kovu.

10. Rekebisha kasi gololi ikiwa juu, simamisha, shusha, kisha anza. Shusha gololi polepole kwa mkono. Ikidondoka, itatoboa kishimo, na kila mzunguko grafu yako itakuwa na mwiba mahali palepale. Rekodi angalau masomo 20 kwa sekunde.

Usiende kunywa chai bado. Dakika 10 za kwanza ni kipindi cha kuzoeana: vilele vya ukwaru vinakatika, utando unajengwa, grafu inapanda au kushuka. Andika unachokiona na unachokisikia. Mlio mkali, moshi, mafuta kubadilika rangi, yote ni habari. Na ukishaanza usisimamishe kuchungulia kovu halafu ukaendelea. Gololi hairudi palepale, na unga uliokuwa umejipanga unavurugika. Ukitaka kuona kovu la mita 200, fanya jaribio lingine la mita 200.

11. Maliza, piga picha, ndipo uoshe. Inua gololi, zima, piga picha ikiwa na mafuta na unga wake vivyo hivyo. Unga wa kahawia wenye wekundu hukuonyesha kutu iliyozaliwa kwenye msuguano. Vipande vinavyometa ni chuma kinachong'olewa. Kisha suuza kwa heptani bila kupangusa. Ule utando wenye rangi za buluu na kahawia kwenye njia ya gololi ni kazi ya viongezo. Ukiusugua kwa kitambaa umefuta ushahidi.

12. Pima kovu. Kovu la gololi lipime kwa mielekeo miwili, kufuata msuguano na kuukata, kisha chukua wastani. Rudia kusoma mara tatu, maana ujazo uliolika huenda na kipenyo kikizidishwa chenyewe mara nne: ukikosea kipenyo kwa asilimia 10, ujazo umeukosea kwa asilimia 46.

Kwenye diski, pitisha profilomita kukata njia ya gololi sehemu nne, robo hadi robo. Kingo zilizoinuka pande mbili ni chuma kilichosukumwa, hakijapotea, kwa hiyo usichukue kina kuanzia kwenye kilele cha ukingo. Anzia kwenye uso ambao haujaguswa.

13. Hesabu. Sasa ile mizani. Tuseme kovu la gololi ya milimita 6 lina kipenyo cha milimita 0.5. Ujazo uliolika ni π × d⁴ ÷ (64 × R), ambapo d ni kipenyo cha kovu na R ni nusu kipenyo cha gololi:

3.14 × 0.0625 ÷ (64 × 3) = milimita za ujazo 0.00102

Milimita moja ya ujazo ya chuma ina uzito wa miligramu 7.85. Basi gololi imepoteza miligramu 0.008. Mizani nzuri ya maabara inayosoma sehemu ya kumi ya miligramu haiwezi kuliona hilo hata ukiibembeleza, na kovu lenyewe unaliona kwa lenzi ya mkono. Ndiyo sababu mizani ikisema "hakuna tofauti" kwenye jaribio la mafuta, haijakuambia kitu.

Gawa ujazo kwa mzigo na kwa umbali: 0.00102 ÷ (10 × 1,000) ni takriban 1.0 × 10⁻⁷ milimita za ujazo kwa nyutoni kwa mita. Hiyo ndiyo namba ya ulikaji unayoweza kuilinganisha na ya mwenzako.

Kwa diski, zidisha eneo la mfereji kwa mzingo wa njia. Mfereji wa upana wa milimita 0.4 na kina cha mikromita 0.8, wenye umbo la sahani, una eneo la theluthi mbili ya upana mara kina, yaani milimita za mraba 0.000213. Mara 62.8 unapata milimita za ujazo 0.0134, na namba ya ulikaji 1.3 × 10⁻⁶. Fomula ya kovu la gololi inafaa tu ikiwa kovu ni bapa. Likiwa limejipinda au limejaa chuma kilichohamia kutoka kwenye diski, tumia profilomita hapo pia.

Kisha linganisha kina na unene wa mpako. Kina cha mikromita 0.8 kwenye mpako wa mikromita 2, uko salama. Kina cha mikromita 3 kwenye mpako huohuo, umepima chuma cha chini, na namba hiyo usiiite ya mpako.

14. Rudia mara tatu angalau, uandike masharti yote. Msuguano hurudiwa vizuri. Ulikaji hutawanyika, hata kwa mikono makini. Toa wastani pamoja na thamani ndogo na kubwa, pamoja na grafu nzima. Ninaposoma ripoti inayosema "0.1137" bila aina ya gololi wala joto, huifunga. Desimali mbili zinatosha.

Mambo yakienda kombo

*Grafu inapanda na kushuka kwa kila mzunguko.* Diski inayumba, au kuna kishimo. Rudi hatua ya 8. Kama mawimbi hayafuati mzunguko na kuna mlio, gololi inashika na kuachia. Mkono wa mashine umelegea au kasi ni ndogo mno.

*Msuguano hasi, au hauko sifuri gololi ikiwa imeinuliwa.* Sensa imehama kwa joto, au waya unavuta mkono. Legeza waya, ngoja, weka sifuri upya.

*Grafu ya mpako inaruka ghafla.* Mashine haina kosa. Mpako umetoboka. DLC kavu juu ya chuma mara nyingi hukaa kati ya 0.1 na 0.2, ukitoboka, chuma hukutana na chuma na namba hukimbilia 0.5 au zaidi. Andika umbali ilipotokea, hilo ni tokeo lenyewe. Ndani ya mafuta mruko ni mdogo na unaweza kukupita, hivyo usiamini grafu peke yake, tazama njia ya gololi.

*Jaribio kavu la DLC halijirudii kati ya siku na siku.* Angalia unyevu wa hewa. DLC yenye haidrojeni nyingi huteleza vizuri hewa ikiwa kavu na msuguano wake hupanda kukiwa na unyevu. Isiyo na haidrojeni hufanya kinyume. Pima kwenye chumba kinachodhibitiwa, au angalau uandike unyevu kila mara.

*Namba ilikuwa 0.11 jana, leo 0.16.* Kwa mpangilio huu: je, kishikio kilioshwa? Joto lilitulia? Mafuta ni mapya au ya jana? Gololi ni ya kopo lilelile? Katika uzoefu wangu swali la kwanza hulimaliza tatizo zaidi ya mengine yote.

*Kovu la gololi ni la milimita 0.13 na sijui niandike nini.* Kumbuka kiduara cha hatua ya 1: mguso wenyewe, kabla ya kulika chochote, ulikuwa na milimita 0.12. Hapo hakuna ulikaji unaopimika. Usiandike sifuri, andika kwamba ni chini ya uwezo wa kupima, kisha ongeza umbali mara tano au utumie mzigo mkubwa zaidi.

*Njia kwenye diski inaonekana kwa macho lakini profilomita haioni kitu.* Vilele vya ukwaru vimelainishwa tu, au ni utando wa viongezo uliokaa juu. Pima ukwaru ndani ya njia na nje yake. Wakati mwingine profilomita itaonyesha kilima badala ya bonde: chuma cha gololi kimehamia juu ya mpako, na aliyelika ni gololi.

*Gololi imegeuka ndani ya kishikio.* Utaliona kovu la mviringo lenye mistari inayopishana, au makovu mawili. Jaribio hilo halihesabiki. Kaza skrubu, gololi mpya, njia mpya, anza upya kuanzia kuosha.